Umeiangalia mwenyewe au umeambiwa?

Msomaji mmoja ameniandikia swali refu kidogo, nalifupisha bila kulibadilisha: "Shikamoo mtaalamu. Marafiki zangu wote wanasifia tamthilia moja, kila nikifungua grupu letu ni hiyo hiyo. Nimeangalia episodi tatu naona kawaida tu, nikasema, wakanishambulia eti sijui vitu vizuri. Halafu kuna wimbo nilikuwa siupendi hata kidogo, wiki mbili za kuusikia kwa watu sasa naukuta mdomoni mwangu. Hivi mimi nina ladha yangu au nafuata mkumbo tu? Na nikitaka kuchagua cha kuangalia nimsikilize nani, rafiki, nyota ambazo watu wanakipa kitu mtandaoni au trela?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi, ladha unayo, na kuyumba kwako hakuna ajabu yoyote. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kufuatilia watazamaji, yaani nani kaangalia nini na kilimfikiaje, na nikimuuliza mtu "hii muvi uliijuaje?" jibu ninalopata mara nyingi kuliko yote ni "aah, nilikuwa nasikia tu watu wanaisema". Ukimbana, watu gani? Hakumbuki. Pesa imetoka, masaa mawili yametoka, na aliyemshawishi hana sura wala jina. Ndio maana swali lako nalichukulia kwa uzito, muda wa mtu wa kupumzika ni mdogo na mara nyingi unagawiwa na watu ambao hata wenyewe hawajaangalia.

Kitu cha kwanza ujue ni kwamba tunaposema "watu wanaisifia" tunachanganya mambo matatu. Kuna maneno yanayokujulisha tu kwamba kitu kipo. Kuna maneno yanayokupa hukumu, ni kizuri au kibaya. Na kuna maneno ambayo kwa kweli ni mwaliko, mtu anakuambia njoo tuwe pamoja, usibaki nje ya stori. Hilo grupu lako kwa jinsi ulivyolieleza linafanya hiyo ya tatu, wao wana kitu cha kuongea kila jioni na wanataka na wewe uwepo, wewe ukalipokea kama hukumu ya ubora, ukaenda kuangalia ukitegemea maajabu, na uliporudi na hukumu yako wao wakasikia umekataa mwaliko. Ndio maana walikushambulia. Hakuna aliyekuwa anabishania tamthilia pale.

Sasa hukumu yenyewe inatengenezwaje, hapo ndipo patamu. Nimesimama sana kwenye milango ya kumbi za sinema nikisikiliza watu wanapotoka. Dakika mbili za kwanza hakuna linalosemwa la maana, mmoja anawasha simu, mwingine anauliza choo kiko wapi, mwingine ananyoosha mgongo. Halafu mtu mmoja anatoa sentensi. Kuna kundi moja la vijana watano sijalisahau, walitoka kimya kabisa, na mmoja wao nilikuwa nimemwona ndani anafuta macho dakika za mwisho, mwanga wa skrini ulimpiga usoni. Aliyetangulia kwenye ngazi akageuka akasema "mwisho wameuharibu". Basi. Mpaka wanafika chini wote wanaongelea mwisho ulivyoharibika, na yule aliyekuwa analia ndani naye akaitikia "kweli bwana, waliharakisha". Kesho yake watu wangapi waliambiwa na hao watano kwamba muvi ile mwisho wake mbovu? Na ushahidi wote ulitoka kwenye sentensi moja ya mtu mmoja aliyewahi kufungua mdomo kabla ya wenzake.

Utasema hayo ni mambo ya kundi dogo, kwa maelfu ya watu ukweli unajichuja wenyewe, kizuri chajiuza. Mimi pia nilikuwa naamini hivyo mpaka niliposoma jaribio la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts lililochapishwa 2006. Walichukua nyimbo 48 za bendi ambazo hakuna anayezijua, wakaziweka mtandaoni, watu 14,341 wakaingia kusikiliza na kupakua wanazozipenda. Ujanja wao ulikuwa hapa: watu waligawanywa bila kujua. Kundi moja halikuonyeshwa chochote, unasikia wimbo na jina lake tu. Wengine waligawanywa kwenye "dunia" nane, na kila dunia ilionyesha idadi ya waliopakua kila wimbo ndani ya dunia hiyo tu. Nyimbo zile zile, watu wa aina ile ile, mwanzo wote wanaanzia sifuri. Kama kizuri chajiuza basi dunia zote nane zingetoa washindi wale wale si ndio? Haikuwa hivyo. Kuna wimbo ambao kwa wale wasioona namba ulikuwa wa 26, katikati kabisa, lakini kwenye dunia moja ukawa namba moja na kwenye nyingine ukawa wa 40. Wimbo ule ule! Tofauti ni nani alitangulia kupakua nini, basi waliofuata wakafuata hapo.

Wazee walishasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tunautumia msemo huu kwenye umbea lakini kwenye burudani unafanya kazi vizuri zaidi, maana ukisemwa wimbo ni hiti watu wanausikiliza, wakiusikiliza wanausema, na wakiusema unakuwa hiti kweli.

Ila usikimbilie kusema basi kila kitu ni bahati nasibu, na hapa naona wengi wanalisimulia jaribio hili nusu. Zile nyimbo bora kabisa, kwa kipimo cha wale wasioona namba, zilifeli kwa nadra sana, na zile mbovu kabisa zilipanda kwa nadra sana. Vurugu yote ilikuwa katikati. Na katikati, mdogo wangu, ndiko zilipo burudani nyingi tunazozibishania, ikiwemo pengine hiyo tamthilia ya marafiki zako.

Halafu watu hawafuati tu upepo kama majani. Kuna uchunguzi naupenda wa Enrico Moretti, mchumi, ulitoka 2011, aliangalia mauzo ya tiketi za sinema Marekani. Muvi iliyofanya vizuri wikiendi ya kwanza kuliko wenye kumbi walivyotarajia, wiki zinazofuata ilishuka taratibu, na iliyoanza chini ya matarajio iliporomoka haraka. Hapo unaweza kusema ni mkumbo, watu wamefuata watu. Ndio akaingiza hali ya hewa: kuna muvi zilizoanza vibaya kwa sababu tu hali ya hewa wikiendi ile iliwafanya watu wasiende sinema. Kama tungekuwa tunafuata idadi kama vipofu na hizo zingekufa. Hazikufa, wiki zilizofuata ziliendelea kama kawaida, kwa sababu wachache walioingia hawakuwa na ubaya wa kusimulia. Yaani kinachotembea ni habari ya ndani ya ukumbi, ukumbi kuwa mtupu peke yake hakuiui muvi. Na aligundua nguvu hii inapungua kwenye muvi za mwendelezo, sehemu ya pili na ya tatu, ambazo watu wanajua wanachoenda kukutana nacho, hawahitaji kuambiwa sana.

Mfano wa kuonekana kwa macho ni My Big Fat Greek Wedding ya 2002. Ilitengenezwa kwa dola milioni 5 hivi, hela ndogo sana kwa Hollywood, na haikuwahi hata wikiendi moja kuwa namba moja kwenye mauzo ya Marekani. Lakini watu walikuwa wanatoka wanarudi na mama zao, mama wanarudi na marafiki zao, miezi kwa miezi, mpaka ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 huko Marekani na Kanada peke yake. Muvi nyingi kubwa hupoteza nusu au zaidi ya mapato wikiendi ya pili tu. Tangazo linaweza kujaza ukumbi Ijumaa ya kwanza, baada ya hapo wanaoujaza ni waliotoka.

Sasa nije kwenye swali lako la nani umsikilize, maana hapa nina msimamo na nitausema wazi: kati ya trela na mtu anayefanana na wewe ambaye ameangalia mpaka mwisho, chukua mtu, kila siku chukua mtu. Daniel Gilbert wa Harvard na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2009, wanawake walikuwa wanakutana na mwanaume kwa dakika chache za mazungumzo ya kufahamiana, na kabla ya hapo wakisie watafurahia kiasi gani. Baadhi walipewa maelezo ya mwanaume na picha yake, yaani trela yake. Wengine walipewa kitu kimoja tu, mwanamke mwingine aliyekutana naye kabla alifurahia kiasi gani. Hakuna picha, hakuna wasifu. Waliopewa neno la mwenzao walikosea kwa karibu nusu ya walivyokosea waliopewa maelezo. Na sehemu inayonigusa zaidi ni kwamba walipoulizwa baadaye wangependa kupewa kipi, wengi walichagua picha na maelezo. Tunajiamini sana kwamba tukiona kidogo kwa macho yetu tutajua tutajisikiaje, wakati trela imetengenezwa na mtu anayelipwa uinunue, na vichekesho vyote vitatu vya muvi nzima amevimalizia humo humo.

Lakini angalia sharti, nimesema mtu ambaye ameangalia. Swali langu la kwanza siku zote kwa mtu anayenisifia kitu ni hili la kichwa cha habari, umeiangalia mwenyewe au umeambiwa? Utashangaa. Ukiliuliza kwenye grupu la watu kumi, sita watakuambia "nasikia ni kali sana", mmoja ameishia episodi ya kwanza, mwingine ameona vipande vya sekunde thelathini kwenye simu, na wawili ndio wamemaliza. Wewe ulikuwa unadhani una sauti kumi, kumbe una mbili na nane ni mwangwi.

La pili, usiangalie nani ana sauti kubwa, angalia nani anaulizwa. Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha mwaka 1955 matokeo ya uchunguzi wao katika mji wa Decatur, Illinois, kwa wanawake kama 800. Waliuliza wanashauriwa na nani kuhusu manunuzi, mitindo, siasa na sinema. Kwenye manunuzi ya nyumbani walioaminika walikuwa akina mama wenye familia kubwa. Kwenye sinema ilikuwa mabinti ambao hawajaolewa, na hata wakubwa zao waliwauliza wao, kwa sababu rahisi tu, wao ndio walikuwa wanaenda. Kwa hiyo usitafute rafiki mmoja wa kukushauri kila kitu. Anayekupatia muvi nzuri za vita anaweza akawa hajui kabisa muziki, na yule anayekuchekesha siku nzima anaweza akawa anapenda vichekesho vya kijinga usivyoviweza. Mimi nina rafiki mmoja, nikimsikia amesema kitu "kinaboa" nakitafuta jioni hiyo hiyo, kwa sababu miaka yote tumekuwa tukipishana kwa uaminifu kabisa, kinachomboa yeye mimi kinanikaa moyoni. Mtu anayekosea kila mara upande ule ule ni dira nzuri kama anayepatia, anayekupoteza ni yule anayependa kila kitu.

Nyota za mtandaoni zisome, ila zisome kwa akili. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walifanya jaribio, wakachapisha 2013, kwenye tovuti moja ambako watu wanapigia kura komenti za wenzao. Komenti zaidi ya laki moja, baadhi walizibandika kura moja tu ya kusifia mwanzoni kabisa, bila mpangilio, hata hawakusoma kilichoandikwa. Hiyo kura moja ya uongo iliinua wastani wa mwisho kwa asilimia 25. Walipobandika kura ya kuponda, watu waliisahihisha, ikarudi sawa. Yaani sifa tunaibeba tunaendelea nayo, lawama tunaihoji. Na kuna utafiti wa 2006 wa Judith Chevalier na Dina Mayzlin kuhusu vitabu vinavyouzwa mtandaoni, walikuta nyota moja inaumiza mauzo kuliko nyota tano zinavyoyasaidia, maana wanunuzi wanajua nyota tano anaweza kujipa hata mwandishi na shangazi zake. Mimi nikifungua maoni sisomi ya nyota tano wala ya nyota moja, nasoma ya nyota tatu, huko ndiko mtu anasema "nusu ya kwanza imenishika, baadaye ikanipoteza", na nikiona kilichompoteza yeye najua kama kitanipoteza na mimi.

Na chawa, yaani wasifiaji wa kulipwa, wapo, tena hawajaanza leo. Paris kwenye karne ya 19 kumbi za opera na maigizo zilikuwa na watu wa kukodi waliokaa katikati ya watazamaji. Kuna waliolipwa kucheka, wapo wanawake waliolipwa kulia wakijifuta na leso, wapo wa kudai wimbo urudiwe, na kuna kundi ambalo kwangu ndilo hatari kuliko wote, kazi yao ilikuwa kukariri igizo ili wakati wa mapumziko wamgeukie jirani na kumtajia sehemu nzuri, umeona pale, umeona pale? Huyo ndiye komenti ya leo ya kununuliwa, amekaa kiti cha pili yako anajifanya mtazamaji mwenzako. Marekani wameweka kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja mwaka 2024, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu madhara yake ni mapana kuliko wewe kupoteza hela. Salganik na Watts walirudia lile jaribio la nyimbo, ripoti ikatoka 2008, safari hii wakaonyesha namba za uongo, zile za mkiani zikaonekana ndio za juu. Nyimbo nyingi mbovu kweli zilinufaika, zile bora kabisa zikajitahidi kupanda tena taratibu, lakini kilichotokea kwa ujumla ni kwamba watu walipakua nyimbo chache kuliko kawaida. Walisikiliza zinazosemwa ni kali, wakaona mbona hivi, wakaondoka. Ukimdanganya mtu mara tatu hakukasirikii wewe peke yako, anaona muziki wote wa siku hizi hauna maana.

Kuhusu wimbo wako, hilo jepesi. Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara tunaanza kukipenda kwa kukizoea tu. Hukujisaliti. Ila usiuite ushauri wa watu, hakuna aliyekushauri, umepigiwa tu masikioni mpaka ukaingia.

Kinachonisikitisha mimi kwenye jambo hili lote ni kimya. Jonah Berger na Katherine Milkman walipitia makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times waone zipi watu wanawatumia wenzao zaidi, wakachapisha 2012, na zilizotumwa sana ni zile zinazokushtua, kukustaajabisha au kukukasirisha, wakati za huzuni zilitumwa kidogo. Makala si muvi, lakini naliona hilo hilo mlangoni kwa sinema. Muvi yenye bomu na usaliti watu wanatoka wanaongea kwa sauti, ile iliyowagusa wanatoka wakiwa wamejikunja, wanaenda nayo nyumbani, na asubuhi mtu akiulizwa anasema "ilikuwa nzuri" basi. Neno moja hilo haliwezi kumleta mtu ukumbini. Kuna kazi nzuri sana zinakufa hivyo, waliozipenda walikosa la kusema tu. Kwa hiyo na wewe siku kitu kikikugusa usiseme "nzuri", sema kimekugusa wapi, sema yule mama alivyoshika kile kikombe bila kunywa, mwenzako atajua kama ni chake.

Sasa turudi kwenye tamthilia yako. Usiwaulize kwenye grupu, kwenye grupu utapata grupu. Mchague mmoja, yule ambaye mara mbili tatu nyuma amewahi kukupatia, mtumie meseji pembeni, muulize kwanza amefika episodi ya ngapi, halafu muulize "wewe ilikushika wapi?" Akikutajia mahali, episodi ya tano labda, pale dada mtu anapofungua ile barua, basi ipe mpaka hapo na ukifika ukaona bado, achana nayo kwa amani. Akikujibu "we endelea tu utaipenda", ishia hapo hapo ulipo. Na uliposema kwenye grupu kwamba unaiona ya kawaida ulifanya vizuri, wala usifute. Mle ndani lazima kuna mwingine alikuwa anaitikia huku anasinzia, na nina hakika meseji yako ameisoma mara mbili.